Maswali ya Wasomaji: Kugeuza Tarakimu za Namba

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu zoezi moja ambalo karibu kila anayeanza kujifunza kuandika programu hukutana nalo mapema: programu ipokee namba nzima, mathalani 4721, kisha itoe namba hiyo tarakimu zake zikiwa zimegeuzwa, yaani 1274. Tumechagua barua saba. Pale ambapo mwandishi hakutaja lugha ya programu anayoitumia, tumejibu kwa Python.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaanza kujifunza Python, na katika zoezi la kugeuza namba tumekatazwa kuichukua namba kama maandishi. Nimeandika programu kwa kutumia baki na kugawanya kwa kumi kama tulivyoelekezwa, lakini nikiingiza 4721 ninapata 2740. Nimekagua mistari yangu mmoja mmoja na hakuna uliokosekana. Vilevile, hata ile programu ya darasani inayotoa jibu sahihi, sielewi kwa nini ndani yake jibu linazidishwa kwa kumi kila mara. Naomba unisaidie.

JIBU: Marahaba. Programu yenyewe hukuituma, lakini hiyo 2740 inatosha kulitambua kosa, na tutaifikia baada ya kuweka msingi.

Tarakimu hazimo ndani ya namba; zimo katika namna tunavyoiandika. Idadi ya vitu mia moja ishirini na vitatu haina ndani yake 1, wala 2, wala 3. Tarakimu hizo hujitokeza kwa sababu tumezoea kuhesabu kwa makumi, na anayehesabu kwa mbilimbili, kama kompyuta ifanyavyo, huiandika idadi hiyo hiyo 1111011. Kwa hiyo kompyuta inaposhika 4721 haioni 4, 7, 2 na 1 zikiwa zimejipanga kwenye mstari. Inashika idadi tu, na ni kazi ya mwandishi wa programu kuiuliza idadi hiyo maswali ya hesabu yatakayozitoa tarakimu moja baada ya nyingine.

Swali la kuuliza ni lile la shule ya msingi. Ukigawanya 4721 kwa 10 unapata 472, baki 1. Baki ndiyo tarakimu ya mamoja, na jibu la mgawanyo ni namba ile ile ikiwa imeachana na tarakimu hiyo. Ukigawanya tena 472 kwa 10 unapata 47, baki 2, na ukiendelea hivyo tarakimu zote zitatoka, kuanzia ya kulia hadi ya kushoto. Katika Python, alama ya % hutoa baki, na mikwaju miwili, //, hutoa jibu la mgawanyo bila desimali. Programu nzima ni hii:

    namba = 4721
    geuzo = 0
    while namba > 0:
        baki = namba % 10
        geuzo = geuzo * 10 + baki
        namba = namba // 10
    print(geuzo)

Sasa tuje kwenye kuzidisha kwa kumi. Tarakimu inayotoka kwanza, ambayo ni 1, ndiyo inayotakiwa kukaa mbele kabisa katika jibu, lakini wakati inapotoka programu haijui ni tarakimu ngapi zitaifuata, na kwa hiyo haiwezi kuiweka moja kwa moja katika nafasi ya maelfu. Inachofanya ni kuiweka kwenye mamoja, kisha kuisukuma hatua moja kushoto kila mgeni mwingine anapofika. Kuzidisha kwa 10 ndiko huko kusukuma: iliyokuwa ya mamoja inakuwa ya makumi, iliyokuwa ya makumi inakuwa ya mamia, na nafasi ya mamoja inabaki na sifuri ambayo tarakimu mpya itaijaza kwa kujumlishwa. Ukifuatilia kigeu cha geuzo, yaani lile jina linaloshika jibu ndani ya programu, utaona kinapita 0, kisha 1, 12, 127 na mwishowe 1274, huku kigeu cha namba kikipungua kutoka 4721 hadi 472, 47, 4 na 0. Sifuri ndiyo inayokifunga kitanzi, yaani ile sehemu ya while inayorudiwa tena na tena.

Turudi kwenye 2740. Jibu hilo limepoteza 1, ambayo ndiyo tarakimu ya mwisho ya namba yako, na limeokota sifuri ambayo haikuwamo. Hali hiyo hutokea pale mstari wa kugawanya unapotangulia mstari wa kuchukua baki. Namba inakuwa 472 kabla hujaigusa ile 1, nayo inapotea moja kwa moja. Unachukua 2, kisha 7, kisha 4, na katika mzunguko wa mwisho namba imekwisha kuwa 0 wakati unapoiomba baki, kwa hiyo unapewa 0 na kuibandika mwishoni. Mistari yako yote ipo, kama ulivyosema, ila mmoja umepanda juu ya nafasi yake. Ushushe chini ya mstari wa geuzo na programu itatoa 1274.

Kwa kuwa wasomaji wengine wametuandikia wakiwa na majibu ya ajabu kwa namba hiyo hiyo, tuyataje kwa ufupi. Aliyepata 14 amesahau kuzidisha kwa kumi, na kwa hiyo amejumlisha tarakimu badala ya kuzipanga. Aliyepata 12740 amejumlisha kwanza ndipo akazidisha. Aliyepata 4 peke yake ameandika geuzo = 0 ndani ya kitanzi, kwa hiyo kila mzunguko unafuta kazi ya mzunguko uliotangulia. Aliyeona namba nne zikichapishwa, 1, 12, 127 na 1274, hana kosa la hesabu hata kidogo. Amri yake ya kuchapisha imesogezwa ndani ya kitanzi kwa nafasi tupu zilizozidi mwanzoni mwa mstari, na kwa kweli bila kukusudia amejipatia njia nzuri ya kuona programu inavyofanya kazi.

SWALI: Programu yangu inafanana kabisa na ya kitabuni isipokuwa nimetumia mkwaju mmoja wa kugawanya. Sikupewa ujumbe wowote wa kosa. Programu imemaliza kazi na kuchapisha neno inf. Neno hili limetoka wapi, wakati mimi nimeingiza namba?

JIBU: Katika Python 3, iliyotoka mwaka 2008, mkwaju mmoja hutoa jibu lenye desimali hata kama namba zote mbili ni nzima. Kwa hiyo 4721 ikigawanywa kwa 10 haiwi 472 bali 472.1, na baki inayofuata si 2 bali 2.1 na vijisehemu vyake. Katika Python 2 mkwaju huo huo ulikata desimali pale ulipogawanya namba nzima kwa namba nzima, na ndiyo sababu baadhi ya mifano ya zamani inayonakiliwa hadi leo ilikuwa sahihi ilipoandikwa na sasa inapotosha.

Hilo linaeleza desimali, lakini inf inahitaji maelezo zaidi. Kitanzi chako kinangoja namba ifike sifuri. Namba nzima inayokatwa tarakimu moja kila mzunguko hufika sifuri baada ya mizunguko michache, lakini 472.1 inakuwa 47.21, kisha 4.721, kisha 0.4721, na inaendelea kuwa ndogo bila kuwa sifuri hadi inapokuwa ndogo kupita kiasi ambacho kompyuta inaweza kukishika. Safari hiyo huchukua mizunguko zaidi ya 300. Wakati huo wote geuzo inazidishwa kwa kumi katika kila mzunguko, na namba za desimali za Python haziwezi kupita takriban 1.8 mara 10 kwa kipeo cha 308. Geuzo inafika kwenye ukuta huo kabla namba haijafika sifuri, na Python huandika inf kwa maana ya kwamba thamani imevuka mpaka. Kompyuta ina kasi kiasi kwamba yote haya hutokea kabla hujapepesa macho, kwa hiyo mtu hudhani kwamba kitanzi kimezunguka mara nne kama ilivyotarajiwa.

Ongeza mkwaju wa pili na tatizo litaondoka. Wanaotumia JavaScript hawana alama kama hiyo, kwa hiyo itawabidi waipunguze desimali wenyewe kwa Math.floor kila wanapogawanya. Wasipofanya hivyo wataona Infinity, ambayo ni inf ile ile kwa jina refu.

SWALI: Nikiingiza 1200 ninapata 21. Ninavyoelewa mimi, kinyume cha 1200 ni 0021. Je, programu imekosea, au mimi nimekosea?

JIBU: Programu haikukosea, na wewe umeuliza swali zuri kuliko linavyoonekana. Ukifuatilia hatua, baki ya kwanza ni 0 na geuzo inakuwa 0 mara 10 kujumlisha 0, ambayo ni 0. Baki ya pili ni 0 tena na geuzo haisogei. Ni pale tu 2 inapofika ndipo geuzo inapoanza kukua. Sifuri zilipokewa moja moja kama tarakimu nyingine yoyote, lakini sifuri iliyo mbele ya namba haiongezi kitu katika thamani yake. Namba 0021 na namba 21 ni idadi moja, na kigeu kinachoshika idadi hakina mahali pa kukumbuka kwamba uliiandika kwa tarakimu nne.

Kwa hiyo unapaswa kuamua unataka nini. Ukitaka namba, jibu ni 21, nawe ukubali kwamba kugeuza mara mbili hakukurudishi ulikotoka: 1200 inakuwa 21, na 21 inakuwa 12. Ukitaka maandishi, yaani alama nne zilizopangwa kinyume, basi hesabu mizunguko ya kitanzi ili ujue namba ya kwanza ilikuwa na tarakimu ngapi, na wakati wa kuchapisha tu ujaze sifuri zilizopungua, kwa mfano kwa kuandika str(geuzo).zfill(4). Hapa ndipo wengi wanapotakiwa kuwa waangalifu nje ya darasa. Namba ya simu, namba ya akaunti na namba ya usajili wa mwanafunzi zinaitwa namba lakini hakuna anayezijumlisha wala kuzigawanya. Zihifadhiwe kama maandishi tangu mwanzo, maana ikihifadhiwa kama idadi, namba ya simu inayoanza na sifuri itapoteza sifuri hiyo siku ya kwanza.

Tahadhari moja ndogo kwa wanaotumia C au Java: msijaribu kuandika 0021 ndani ya programu mkidhani mnaisaidia kompyuta. Katika lugha hizo sifuri ya mbele huashiria kwamba namba imeandikwa kwa mfumo wa kuhesabu kwa nane, kwa hiyo 0021 husomwa kuwa 17. Python 3 huikataa kabisa namba ya namna hiyo, jambo ambalo kwa maoni yetu ni la busara zaidi.

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Mimi nimebadilisha sharti la kitanzi liwe "namba isipokuwa sifuri" badala ya "namba ikiwa kubwa kuliko sifuri", ili programu ikubali pia namba hasi. Nikiingiza -573 programu haimalizi. Rafiki yangu anatumia Java, na programu yake yenye sharti hilo hilo inatoa -375 bila shida. Je, Python ina kasoro?

JIBU: Njema. Python haina kasoro. Lugha hizi mbili zimechagua kanuni tofauti za kugawanya namba hasi, na kila kanuni ina mantiki yake.

Java hugawanya kwa kukata desimali kuelekea sifuri. Kwayo, -573 kugawanya kwa 10 ni -57 na baki ni -3, kisha -5 na baki -7, kisha 0 na baki -5. Baki zote ni hasi, kwa hiyo zikipangwa zinaunda -375, na rafiki yako anapata jibu sahihi pasipo kulifanyia kazi. Python hugawanya kwa kushuka kwenda kwenye namba nzima iliyo chini, na baki yake ukigawanya kwa 10 haiwi hasi kamwe. Kwayo, -573 ni -58 mara 10 kujumlisha 7, kwa hiyo jibu ni -58 na baki ni 7. Tayari umepata 7 mahali ulipotarajia 3. Endelea: -58 inatoa -6 na baki 2, -6 inatoa -1 na baki 4, na -1 inatoa -1 na baki 9. Hapo ndipo ulipokwama. Namba imekuwa -1, na kila ukiigawanya inabaki -1, huku geuzo ikiongezewa tarakimu 9 bila kikomo. Kwa sababu namba nzima za Python hazina mpaka wa ukubwa, hakuna ukuta wa kuisimamisha isipokuwa kumbukumbu ya kompyuta au mkono wako kwenye kibodi.

Na kama ungeliacha sharti la awali, lile la "kubwa kuliko sifuri", kitanzi kisingeingiwa hata mara moja, nawe ungepata 0. Kati ya makosa hayo mawili, sisi tungechagua la kwanza, kwa kuwa programu isiyomaliza inamshtua mwenyewe, ilhali sifuri inaweza kupita kimyakimya hadi kwenye kazi nyingine.

Suluhisho linalofaa katika lugha zote ni kuiondoa ishara ya hasi kabla ya kuanza. Ihifadhi katika kigeu chake, igeuze namba kuwa chanya kwa abs, fanya kazi yote kwa namba chanya, kisha urudishe ishara mwishoni. Ni mistari mitatu zaidi, lakini anayeisoma programu hatalazimika kukumbuka lugha ipi hugawanya namna gani.

SWALI: Ninatumia Java. Programu yangu inageuza namba zote nilizoijaribu isipokuwa 1000000009, ambayo inatoa 410065409. Hata tarakimu zenyewe hazifanani. Nimeirudia programu kutoka mwanzo na jibu halibadiliki.

JIBU: Usiiandike upya tena, mantiki yako ni sahihi. Tatizo ni ukubwa wa kigeu. Aina ya int katika Java ina biti 32, yaani nafasi 32 za tarakimu 0 au 1, na thamani kubwa kabisa inayoweza kushika ni 2147483647. Namba uliyoingiza inaingia humo bila shida, lakini kinyume chake ni 9000000001, ambacho ni zaidi ya mara nne ya mpaka huo. Kinachozidi kinafurika, na Java hailalamiki. Inabakiza biti 32 za mwisho na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Unaweza kulithibitisha kwa mkono. Biti 32 zina michanganyiko 4294967296, na ukiitoa idadi hiyo mara mbili kutoka 9000000001, unabakiwa na 410065409 ile ile uliyoipata.

Ukibadilisha geuzo kuwa long, yenye biti 64, utafika hadi 9223372036854775807, na kwa namba yoyote ya int hiyo inatosha kabisa. Lakini baadhi ya walimu hukataza long na kutaka mwanafunzi aukague mpaka mwenyewe, na hapo kosa linalojirudia ni kukagua baada ya kuzidisha, wakati jibu limekwisha kuharibika na haliwezi tena kukuambia ukweli. Kagua kabla. Jiulize kama geuzo ni kubwa kuliko (2147483647 - baki) / 10, kwa mgawanyo wa namba nzima; ikiwa ni kubwa, simama na utoe ujumbe kwamba kinyume cha namba hiyo hakiingii. Wanaotumia C wasitegemee hata hiyo 410065409, kwa sababu kanuni za C haziahidi lolote namba yenye ishara inapofurika. JavaScript nayo haifuriki hivyo, bali hupoteza usahihi wa tarakimu za mwisho ikivuka 9007199254740991.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi nimeajiriwa kuandika programu kwa miaka kadhaa sasa, na sijawahi kugeuza namba kwa baki na kugawanya. Python ina str(namba)[::-1], inayoifanya namba kuwa maandishi na kuyageuza, mstari mmoja, na kazi imekwisha. Kwa nini tuendelee kuwachosha wanafunzi kwa njia ndefu?

JIBU: Ndugu yetu, kazini ungefanya vema kutumia mstari huo, na aliyekuajiri angekushangaa ukiandika sita. Hatuna ugomvi na njia ya maandishi, ingawa nayo ina mitego yake: -573 ikigeuzwa kama maandishi inakuwa 375- yenye ishara mkiani, na amri ya int ya Python itakataa kuirudisha kuwa namba.

Tunachokipinga ni dhana kwamba zoezi hili lipo kwa ajili ya kupata namba iliyogeuzwa. Hakuna anayeihitaji namba hiyo. Mwanafunzi anapewa zoezi hili kwa sababu ndani ya mistari mitatu anakutana na kitanzi kisichojulikana mapema kitazunguka mara ngapi, na kigeu kinachopungua wakati kingine kinakua, na tena na ulazima wa kupanga amri kwa utaratibu wake, kama alivyogundua mwandishi wa barua ya kwanza. Anayeanza na [::-1] anajifunza alama sita za Python, ambazo hazitamfaa akiandika C.

Isitoshe, kutoa tarakimu kwa baki si mchezo wa darasani tu. Weka 2 mahali pa 10 katika kitanzi kinachotoa baki, nawe unapata biti za namba, kuanzia ya mwisho. Au chukua ukaguzi wa namba za kadi za benki: njia inayotumika ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM aliyeomba hataza yake mwaka 1954 na kuipata mwaka 1960. Huanza na tarakimu ya kulia kabisa, huenda kushoto na kuzidisha kwa mbili kila tarakimu ya pili, hupunguza 9 katika zao lolote linalozidi 9, kisha hujumlisha zote. Jumla isipogawanyika kwa 10, namba ya kadi imeandikwa vibaya. Kuanza kulia na kwenda kushoto ndiyo njia ambayo baki na mgawanyo hufuata zenyewe. Kwa kuwa namba ya kadi ni miongoni mwa zile zinazopaswa kuhifadhiwa kama maandishi, hatusemi lazima uikague kwa kugawanya. Tunasema kwamba aliyelielewa zoezi la kugeuza namba ataisoma kanuni ya Luhn mara moja na kuiandika.

SWALI: Nimegundua kwamba nikichukua namba yoyote na kuitoa na kinyume chake, tofauti hugawanyika kwa 9. Kwa mfano, 4721 kutoa 1274 ni 3447, ambayo ni 9 mara 383. Je, ni kweli daima? Na je, liko zoezi jingine la kufanya baada ya hili?

JIBU: Ni kweli daima. Namba 10 ikigawanywa kwa 9 inabakiza 1, na 100 vilevile, na 1000 vilevile, kwa hiyo namba yoyote ikigawanywa kwa 9 hubakiza sawasawa na inavyobakiza jumla ya tarakimu zake ikigawanywa kwa 9. Kugeuza hakubadilishi jumla hiyo, hata pale sifuri za mbele zinapopotea. Namba mbili zenye baki moja zikitolewa, baki hizo huondoana.

Ugunduzi wako una matumizi ambayo huenda hukuyafikiria: ni kipimo cha programu yako mwenyewe. Chukua majibu mabaya yaliyotajwa hapo juu. Tofauti ya 4721 na 2740 ni 1981, ambayo tarakimu zake zinajumlika kuwa 19, na 19 haigawanyiki kwa 9, kosa limenaswa. Tofauti ya 1000000009 na 410065409 ni 589934600, yenye jumla ya 44, nalo limenaswa. Hata hivyo, kipimo hiki hushitaki tu, hakiwezi kuthibitisha. Programu ikikupa 1247 mahali pa 1274, tofauti bado itagawanyika kwa 9, kwa kuwa tarakimu ni zile zile ila zimepangwa vibaya.

Zoezi la kufuata tunalo. Chukua namba, ijumlishe na kinyume chake, kisha ulifanyie jibu hivyo hivyo mpaka upate namba inayosomeka sawa kutoka kulia na kutoka kushoto. Ukianza na 87 unapata 165, kisha 726, kisha 1353, na hatua ya nne inakupa 4884. Namba 89 huchukua hatua 24 na kuishia kwenye 8813200023188. Namba 196 imejaribiwa kwa kompyuta hadi kufikia namba zenye mamilioni ya tarakimu bila kutoa namba ya aina hiyo, na hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba haitatoa kamwe. Ukiliandika zoezi hili kwa Java, 89 itahitaji long, na 196 itaivuka hata long ifikapo hatua ya 40, kwa hiyo tumia BigInteger, aina ya Java ya namba nzima kubwa kupita long, au uhamie Python. Na katika lugha yoyote, weka kikomo cha hatua, tuseme 1000, kabla ya kuiingiza 196.